Pikipiki Isiyo na Kiti

Jumatatu, 2 Septemba

Nimefungua duka saa mbili kasoro robo. Nimefagia. Nimeipanga upya mifuko ya mbegu ingawa niliipanga Jumamosi. Hadi mchana wateja wanne, mmoja alitaka dawa ya panya tu.

Barua imeletwa na kondakta wa basi la Kibondo. Ushirika wa wafuga nyuki wa Kitahana umenichukua. Mratibu wa vikundi, kuanza Jumatatu tarehe 7 Oktoba. Vikundi kumi na viwili, vyote porini, maana mizinga hutundikwa mbali na watu. Mstari wa mwisho wa barua: mratibu awe na pikipiki yake na ajue kuiendesha.

Kwenye usaili waliniuliza kama naendesha. Nikasema ndiyo. Si uongo. Niliendesha miaka sita, wakati nafanya kazi kwenye ule mradi wa nyuki kabla haujafungwa. Nilichoficha ni kwamba sijagusa usukani kwa miaka kumi na moja.

Tangu saa nane nimeshindwa kukaa. Natoka kibarazani, narudi kaunta, natoka tena. Mwenye duka kaniuliza kama naumwa tumbo. Nimesema ndiyo.

Jumatano, 4 Septemba

Nimemwendea Fundi Meshaki. Ana banda la pikipiki karibu na stendi ya Kasulu. Alizaliwa Burundi, akakulia kambi ya wakimbizi, ufundi alijifunza Kongo upande wa Uvira. Klachi anaiita ambreyaji. Ana miaka kama hamsini na tano na hakuna mtu anayeweza kumharakisha. Nilimweleza yote, hata ile miaka kumi na moja. Hakucheka.

"Mama Neema," akasema, "utanunua na mimi. Peke yako usinunue hata honi."

Tumeanza leo leo. Dereva mmoja wa bodaboda anauza yake. Imepakwa rangi nyekundu, inang'aa kama pipi. Meshaki hakuitazama rangi. Aligusa injini kwanza, akakuta ina joto. Akaninong'oneza kwa Kiha kwamba pikipiki iliyowashwa kabla ya mnunuzi kufika huwa ina kitu inaficha. Tukakaa tukaingoja ipoe, nusu saa nzima, muuzaji akinuna. Ilipopoa alipiga kiki mara kumi na nane. Ikawaka kwa moshi wa bluu. Yaani inakula oili. Basi.

Kabla hatujaondoka Meshaki alitaka nikae juu yake tu, aone urefu wangu. Nikakaa. Mikono ikaanza kutetemeka mbele ya kijiwe kizima. Nikashuka. Nina aibu mpaka saa hizi.

Jumamosi, 7 Septemba

Mazoezi, uwanja wa mpira, kwa pikipiki ya Meshaki mwenyewe. Imenizimikia mara tisa.

"Unaikaba ambreyaji kama unakaba kuku," alisema. "Iachie polepole. Haitakimbia."

Mara ya kumi ikaenda. Gia ya kwanza. Ya pili. Nikazunguka goli, nikarudi, nikazunguka tena. Mwili unakumbuka mambo ambayo kichwa kimesahau. Nilifurahi kama dakika mbili. Kisha nikaona kivuli changu ardhini, kina kichwa kimoja, nikakumbuka kwamba siku ile vilikuwa viwili.

Niandike, maana sijawahi kuandika.

Domitila, mdogo wangu, alikuwa nyuma. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kapakata ndoo ya asali. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Daraja la magogo, bondeni kule Kitahana. Alisema, dada, tushuke tusukume. Nikasema nimevuka hapa mara mia. Gurudumu la nyuma likateleza. Mimi nilichubuka mkono. Yeye pikipiki ilimwangukia mguuni. Mfupa uliunga vibaya na mguu wa kushoto ukabaki mfupi. Mwezi uliofuata alikuwa aripoti chuoni kusomea ualimu. Hakuripoti. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Hatujawahi kulizungumza. Kila mwezi namtumia sabuni na sukari.

Jumapili, 8 Septemba

Nimemwambia Baba Neema baada ya kanisa. Yeye kazi yake iko Buhigwe, ofisi ya ardhi, hurudi nyumbani Ijumaa. Aliendelea kukata kucha. Halafu akasema hatanikataza.

"Ila ukianguka usinipigie simu. Mtume mtu aje aniambie nikiwa nimekaa."

Mtu mwingine angesema ni tusi. Namjua mume wangu, hiyo ni ruhusa.

Hakuuliza kama nimemwambia Domitila. Sijamwambia. Kazi iko kijijini kwake na sijamwambia.

Jumanne, 10 Septemba

Mazoezi tena, saa moja kabla ya kufungua duka. Nimezimikiwa mara mbili tu. Nimepita kwenye mtaro mdogo. Goti la kulia linauma. Dukani nimekosea chenji za watu wawili, akili iko uwanjani.

Ijumaa, 13 Septemba

Kibondo na Meshaki, kuona ya pili. Ilikuwa ya shirika fulani la maji, zile ndefu za porini, zenye matairi ya kashata yanayouma udongo. Hizi nilizizoea. Nilipanda, nikakuta vidole tu ndivyo vinavyogusa chini. Zamani niliendesha ya urefu huu huu. Ama mimi nimefupika, ama woga umeirefusha pikipiki.

Meshaki alilala chali chini yake. Akaniita. Kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, kuna alama ya kuchomelea iliyofichwa kwa rangi. Iliwahi kuvunjika shingo. Kisha akaipapasa namba ya injini kwa kidole, tarakimu moja moja, huku nikimsomea kadi. Mbili hazikulingana. Muuzaji akasema ni makosa ya karani. Tukamuaga vizuri tu.

Wiki tatu zimebaki. Ndani ya basi nilikuwa natikisa goti bila kujua, mpaka mama wa kiti cha pembeni akaliwekea mkono wake.

Jumatano, 18 Septemba

Nimeiona.

Meshaki alinikataza kwenda peke yangu. Nimekwenda peke yangu. Iko Kibondo kwa seremala mmoja anaitwa Filiberti, mtengeneza milango na majeneza. Imewekwa nyuma ya mbao, imefunikwa turubai. Aliiacha mhandisi mmoja Mzungu aliyekuja kuchimba visima. Siku za Jumapili alikuwa anapanda nayo miamba, mchezo tu, watu wanakusanyika kumtazama. Alipoondoka akamwachia Filiberti.

Haina kiti. Nilidhani kimeibiwa. Filiberti akasema ndivyo ilivyoundwa, unaiendesha umesimama wima. Katikati imebonyea kama mgongo wa mbuzi mwenye njaa. Ni nyembamba na nyepesi, niliinua gurudumu la mbele kwa mkono mmoja.

Iliwaka kiki ya tatu. Nyuma ya karakana kuna kilima cha mawe. Nikasimama juu ya vikanyagio. Gia yake ya kwanza inatembea taratibu kuliko mtu anayetoka msibani. Jiwe la kwanza, likapita chini yangu. La pili. Mahali ambapo mbuzi angefikiria kwanza, yenyewe ilipanda. Nilianguka mara moja, upande wa nyasi, nikacheka peke yangu. Mikono haikutetemeka hata kidogo.

Nimejua kwa nini. Hakuna pa kukaa mtu. Aombe nani, awe mgonjwa, awe ndugu, hapana pa kumweka. Naandika bila kujificha: ndiyo maana naitaka.

Jumamosi, 21 Septemba

Meshaki ameiona. Alizunguka mara mbili, akakiri ni kitu kizuri, kimeundwa na watu wenye akili. Halafu akaanza. Tangi lake halinifikishi hata kikundi cha tatu. Petroli ni ya kuchanganya na oili kwa kipimo, ukikosea pistoni inakwama. Haina taa. Vipuri hakuna Kasulu, hakuna Kigoma. Haina namba, haina kadi, ipo karatasi moja yenye sahihi ya mhandisi. Na nta ya wafuga nyuki nitaifunga wapi?

"Hii ni pikipiki ya Jumapili, mama. Wewe unatafuta ya Jumatatu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia anaikataa kwa sababu haijui. Alifunga mfuko wake wa spana, akaenda stendi bila mimi.

Filiberti ana mteja mwingine. Bwana wa bustani ya nyanya anataka injini tu, aiunganishe na pampu ya maji. Fremu itauzwa chuma chakavu. Filiberti anataka jibu langu Jumamosi ijayo saa sita. Nimesema nitarudi kabla ya hapo. Nimelisema kama mtu anayeweka posa.

Jumapili, 22 Septemba

Kitahana, kwa Domitila.

Anashona. Cherehani iko kibarazani, sare za shule zimening'inia kila msumari. Kiatu chake cha kushoto ameongezewa soli ya tairi, nene kama matofali mawili. Alifurahi kuniona. Akaingia jikoni kusonga ugali wa muhogo, akatoa migebuka miwili, samaki wa ziwani, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kesho.

Nilimwambia kuhusu kazi. Akasema alishajua, Kitahana nzima inajua, alikuwa ananingoja niseme mwenyewe.

Nikamwambia kuhusu pikipiki. Sijui nilitaka nini, labda sifa. Nilimweleza inavyopanda mawe, ilivyo nyepesi. Akauliza mtu wa nyuma anakaa wapi. Nikasema haina kiti. Hakuna mtu wa nyuma.

Aliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria.

"Kwa hiyo dada umezunguka Kasulu yote na Kibondo yote, ukatafuta mpaka ukapata isiyo na kiti."

"Ni kwa ajili ya usalama," nikasema.

"Wa nani?"

Nikashika kamba ya mkoba wangu.

"Mimi napanda boda kila Alhamisi kwenda gulioni. Kichwa cha cherehani kikiharibika nakipakata mapajani hadi Kibondo. Nilipanda tena mwaka ule ule, plasta ina miezi miwili tu tangu itolewe. Hukuwahi kuuliza. Wewe ndiye uliyeacha. Ukaenda kukaa dukani kama umefiwa, na mimi niko hai."

Nikasema nilimkosesha chuo.

"Ego," akasema. Ndiyo, kwa lugha ya nyumbani. "Ulinikosesha. Mguu ulipoa, chuo ndicho kilichoniuma. Nilingoja uje uniambie hivyo hivyo ulivyosema sasa. Ukatuma sabuni."

Nilichukua mkoba wangu nikaondoka. Chakula kiko motoni. Kwetu huo ni utovu mkubwa, hata kwa mtu mliyegombania mashamba hufanyi. Nilitembea kwa miguu mpaka barabara kuu, kilomita zote zile, boda zikinipigia honi na mimi sigeuki.

Nimemkasirikia. Maneno yake yote ni ya kweli, na kwa hiyo nimemkasirikia zaidi.

Jumatatu, 23 Septemba

Duka. Mtu ameomba kilo moja nimempimia mbili. Sina la kuandika.

Jumatano, 25 Septemba

Siwezi kutulia mahali pamoja. Asubuhi nimefua mapazia ambayo ni masafi. Nimemwandikia Domitila ujumbe mara tatu, nimeufuta mara tatu.

Saa saba nilifunga duka, nikaenda kwa Meshaki kuomba msamaha. Alikuwa anaosha kabureta kwa mswaki. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Akasema yeye kaishi kambi tatu, maneno yangu ni madogo. Halafu akauliza hiyo isiyo na kiti bado naitaka? Nikasema bado. Akasema kama ni hivyo atanionyesha jinsi ya kuchanganya oili, maana hataki nikwame porini. Hapo nikazidi kujisikia vibaya.

Saa kumi simu ikaita. Domitila. Hakutaja Jumapili. Alisema kuna pikipiki pale pale Kitahana, ya Mzee Gervasi, mwalimu mstaafu. Macho yake yamepungua nuru, wanawe wamemkataza kuendesha. Aliinunua ikiwa mpya na hajawahi kuifanyia biashara ya abiria.

"Nimepita asubuhi kabla hajaiwasha," akasema. "Nimeigusa, ilikuwa baridi. Imewaka kiki ya pili."

Nikamuuliza amejua vipi kwamba mtu huigusa kwanza.

"Niko na madereva wa boda kila wiki. Nina masikio." Akaongeza: "Ina kiti."

Akakata.

Ijumaa, 27 Septemba

Leseni yangu iliisha zamani. Nimejaribiwa upya, nimepita. Bwana aliyenipima alinitazama kiatu, akatazama uso, akauliza mama unaenda wapi na pikipiki. Nikasema kwa nyuki.

Kesho ni Jumamosi. Filiberti saa sita. Mzee Gervasi mchana. Nimebadili uamuzi mara nne tangu chai. Najua ipi ina akili. Najua pia ipi ilinifanya nicheke.

Jumamosi, 28 Septemba

Siku ndefu. Niandike yote.

Nilifika kwa Filiberti saa tano. Nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, kwamba siichukui. Hakubishana. Akaniuliza kama nataka kuipanda mara ya mwisho. Nilitaka. Nilipanda kile kilima mpaka juu kabisa, mawe yote, sikuanguka. Juu nilizima, nikasimama nayo. Kibondo yote ilikuwa chini yangu, mabati na migomba. Nilikaa hapo mpaka nikasikia wananiita.

Bwana wa nyanya alikuja na mkokoteni. Nilishika upande mmoja tukaipakia. Alikuwa mtu mpole, akanishukuru. Nililia kidogo njiani kwenda stendi. Nilikuwa nimejitafutia mahali pa kuwa peke yangu, na nimesaidia mwenyewe kuipakia mkokotenini.

Meshaki alinikuta stendi, tukaenda Kitahana.

Pikipiki ya Mzee Gervasi ni ya kawaida kabisa. Fupi, rangi ya kijivu, tangi limebonyea upande mmoja. Nyayo zangu zote mbili zinafika chini. Kiti kimechanika. Meshaki alimaliza saa nzima akiikagua. Injini baridi, ikawaka, moshi mweupe kidogo kisha hakuna. Shingo ya fremu safi. Namba na kadi zinalingana zote. Cheni imelegea, breki ya nyuma imekwisha, spoki mbili hazipo. "Haya ni mafua," akasema Meshaki. "Haina kansa." Tumekubaliana. Mzee aliishika kwenye usukani muda mrefu kabla ya kunipa ufunguo. Nilimwambia aje aitazame siku yoyote. Akasema hataiona vizuri lakini ataisikia.

Domitila alikuwa amesimama kando muda wote. Meshaki alipomaliza kukaza cheni na kubadili breki, alisogea akasema tujaribu. Nikasema bado, kwanza niizoee. Akasema yeye amengoja vya kutosha. Akaazima kofia ya Meshaki, akafunga kitenge vizuri, akaunyanyua mguu wa kushoto kwa mikono yake miwili akaupitisha juu. Nikahisi uzito wake nyuma yangu.

Sikuwasha. Nikasema nikiwa nimetazama mbele, sikugeuka, ningegeuka nisingeweza.

"Domi, uliniambia tushuke, nikakataa. Nilikuvunja mguu, nikakukosesha chuo. Nisamehe."

Nilisikia anapumua ndani ya ile kofia.

"Haya," akasema. "Twende."

Nilidhani nitazunguka kanisa tu. Yeye alinielekeza bondeni kwa kidole, kila njia panda, kama abiria anayejua aendako. Pale mteremko unapoanza nilisimama. Magogo hayapo. Kuna daraja la zege, pana, lina kingo. Limejengwa miaka sita iliyopita na mimi sikujua, kila nikija Kitahana napitia njia ya juu. Zege lilikuwa kavu. Mtoto angevuka na baiskeli akiwa amefumba macho.

Nikamuuliza: "Tushuke?"

Alifikiri. Kweli alifikiri.

"Tushuke," akasema.

Tukashuka. Nikashika usukani, yeye akashika nyuma, tukaisukuma mpaka ng'ambo, wanawake wawili wazima na pikipiki isiyo na tatizo lolote. Meshaki alikuwa juu kwa mzee ananitazama, bila shaka anajiuliza alinifundisha nini. Ng'ambo tulikaa ukingoni. Domitila alicheka kwanza. Mimi nikafuata. Kisha hatukucheka tena, tukakaa tu. Akaniambia kuhusu ile barua ya chuo, jinsi alivyoificha kwenye Biblia ya mama akidhani mwaka unaofuata watampokea. Sasa hataki tena ualimu, ana wateja wake, shule nne zinamtegemea. Lakini alitaka nijue ilikuwa wapi.

Tulirudi tumepanda wote wawili. Gia ya pili.

Jumatano, 2 Oktoba

Kasulu. Nimekabidhi duka. Mwenye duka amenipa mfuko wa mbegu za maharage na mkono wa kwaheri. Pikipiki imebaki kwa Domitila anashona kiti. Amenipigia kuuliza nataka turubai jeusi au la kijani. Nikasema jeusi. Akasema ameshakata la kijani.

Jumapili, 6 Oktoba

Tumehamisha vitu vyangu Kitahana. Nitakuwa naishi chumba cha nyuma kwa Domitila siku za kazi. Baba Neema alikuja kutuona. Aliinama akabonyeza breki ya mbele, ya nyuma, akawasha taa mchana kweupe, akazima. Akasema kiti kimeshonwa vizuri. Domitila akampa kitambaa afute mikono.

Kesho kikundi cha kwanza. Nimekula kidogo. Nimekagua mkoba mara tatu: bomba la kufukizia nyuki moshi, glovu, daftari, koti la mvua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli, tangu alfajiri hadi saa nne. Nilikuwa nakwenda kikundi cha saba, upande wa msituni. Kwenye kona ya udongo mwekundu gurudumu la mbele likashika njia yake na mimi nikashika yangu. Nilianguka polepole, kama mtu anayejilaza.

Nikakaa kwenye nyasi. Nilingoja nianze kutetemeka. Sikutetemeka. Bwana mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli ya ndizi aliiegemeza kwenye mti, akanisaidia kuinyanyua. Akauliza mimi ni wa nani, nikamtajia, akasema marehemu baba yangu alimuuzia ng'ombe. Akaendelea na safari yake. Mkono wa klachi umepinda kidogo. Unafanya kazi.

Nilifika nimechelewa saa nzima. Walikuwa wananingoja kwenye banda, kina mama saba na wanaume wanne, wametandika majani makavu nikae. Hakuna aliyeuliza habari ya tope. Tumefungua mzinga mmoja tu, baridi imewaudhi nyuki. Masega bado mepesi. Tumekubaliana wasivune hadi mwezi ujao, na mzee mmoja amenuna.

Kiwiko kimechubuka. Domitila amekiosha kwa maji ya chumvi, kimya, pini zikiwa mdomoni. Alipozitoa akasema Jumatatu ana sare ishirini za kupeleka shule ya kule juu, tupitie kona hiyo hiyo, na kama haijakauka tutashuka.

Nimesema sawa.

Mvua imerudi, nyepesi. Anashona. Nitazima taa ya simu sasa, chakula kiko tayari.